Victoria Mtafuta Ndugu

Kazi ya Victoria ilikuwa kutafuta ndugu za watu. Watoto waliookotwa sokoni waliletwa kwenye makao ya serikali kule mtaa wa Jebel, naye alizunguka Juba nzima kuuliza nani ni wa nani. Miaka kumi na mmoja ya kazi hiyo, na viatu havimdumu. Alikulia ukimbizini Uganda, akarudi na Kiswahili cha huko kisichojali ngeli, pamoja na mdomo usiojua likizo.

Siku hiyo kamati ya bunge ilikuja kukagua huduma za watoto walio hatarini: wajumbe watano, chupa za maji kumi. Mwenyekiti, Mheshimiwa Constantine, aliyesomea Kenya, alitoa hukumu hata chai haijamiminwa.

"Mama Victoria, kwetu hakuna mtoto asiye na ndugu. Haya makao ni ya nini? Tutapendekeza yafungwe."

Watoto kumi na wanne wangelala wapi? Victoria alitamani kumrushia mtu chupa, ila akavuta faili la juu kwenye rundo.

"Sawa, Mheshimiwa. Mimi iko na majina. Mimi nasoma, mtu mwenye najua ndugu yake, yeye nachukua."

Mheshimiwa alicheka. Kwao Wadinka mtoto hufundishwa kuhesabu baba na babu zake kabla hajajua kuhesabu mbuzi, na Victoria huandika majina yote anayotajiwa.

"Akuac, miaka tisa. Wa Aguer, baba amekufa. Aguer wa Majok..."

"Majok yupi?"

"Marehemu mwenye nafundisha katekisimu, nachechemea."

Kicheko cha Mheshimiwa kilikatika. "Huyo ni mdogo wa babangu."

"Basi wewe najua Makur! Watu ya Jebel nasema baba mkubwa ya huyu mtoto ni Makur. Mimi natafuta Makur miaka mbili!"

"Makur ni mimi," alisema Mheshimiwa. "Constantine ni jina la ubatizo."

Miaka miwili, na picha yake yenye jina la Constantine imebandikwa kila njia panda! Victoria hakujua acheke au alie, akafanya yote mawili huku akimsogezea fomu ya kumchukua mtoto.

"Leo nina vikao hadi saa kumi, Mama."

"Yeye nangoja miaka mbili. Saa kumi ni karibu."

Mheshimiwa alitia sahihi. "Na hawa wengine kumi na watatu?"

"Hao bado natafuta."

Mheshimiwa akaitazama karatasi yake ya mapendekezo, akafuta mstari mmoja, akaufuta tena mpaka karatasi ikatoboka. Kisha akainama karibu na Victoria, wenzake wasisikie, akauliza Akuac anapenda kula nini.