Zamu ya Kukaa na Njeru

Baba mdogo Ireri alikuwa ameshaongea na mwenye gari. Jumatatu asubuhi ndugu yangu Njeru angepelekwa tena hospitali kubwa Nairobi, na akikataa angefungwa kamba kama mara zilizopita. Nikauliza kama kuna aliyemuuliza Njeru mwenyewe. "Mgonjwa haulizwi uji," baba mdogo akanijibu, na mazungumzo yakaishia hapo. Nikarudi kwenye cherehani yangu sokoni Runyenjes huku damu ikinichemka. Siku hiyo nilimshonea mteja zipu kinyume.

Njeru ni fundi wa mawe, kitinda mimba wetu, mpole kuliko mimi mara kumi. Ugonjwa wake wa akili huja kwa vipindi. Kwanza usingizi hupotea, kisha maneno huwa mengi, kisha hutembea tu bila kujua aendako. Hospitalini hutulia, hilo sikatai. Lakini akirudi haongei na sisi kwa miezi, maana sisi ndio tuliomfunga. Sasa usingizi ulikuwa umeanza kupotea tena. Nikaapa kwamba haendi Nairobi kwa kamba nikiwa hai.

Jirani yangu Wawira ana pikapu, na kila Ijumaa huenda Mitunguu kuchukua ndizi. Alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja kwamba wakulima wa kule hukaa na wagonjwa wao nyumbani ugonjwa ukipanda. Sikuwa nimemsikiliza, kwa sababu Wawira hutia chumvi hata kwenye chai. Safari hii nilimwomba atubebe.

Ijumaa asubuhi nikamkuta Njeru amesimama katikati ya mikahawa shambani, anajiongelesha. Nikamwambia twende Mitunguu tukaone watu wanaokaa na wagonjwa.

"Watanifunga?"

"Wanasema hawafungi."

"Una hakika?"

"Sina."

Akanitazama kidogo, akapanda pikapu.

Kutoka Runyenjes hadi daraja la Thuci hakunyamaza hata mara moja. Alitueleza jinsi mawe ya daraja yanavyopangwa, nani aliyakata, na kwa nini maji hayataki kuyabomoa. Mengine yalikuwa kweli, mengine sijui aliyatoa wapi. Wawira aliendesha huku akiitikia "eeh, eeh" kama mtu anayehubiriwa.

Chuka tulisimama kunywa chai. Njeru akaacha kikombe kikifuka moshi, akashika barabara ya kwenda Meru kwa miguu. Nikamkimbilia, nikamshika shati, na kifungo kikakatika. Watu wakaanza kujaa, mmoja akiuliza kama huyo ni mwizi. Niliogopa sana, maana neno hilo likishatamkwa barabarani mtu anaweza kufa.

"Mwachilie," Wawira akaniambia. "Wewe ndiye unayewaita watu kwa makelele yako."

Nikamwachilia. Tukapanda pikapu tukamfuata polepole, taa zikiwaka. Alitembea mpaka shati likaloa, kisha akafungua mlango mwenyewe, akaketi na kuomba maji. Nilimpa bila neno. Kwangu mimi hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kukimbia.

Nkubu tukakata kulia, tukaanza kuteremka. Baridi ya juu iliisha, nikavua sweta, na migomba ikaanza pande zote mbili. Mitunguu hulima kwa maji ya mabomba, na kila shamba lina zamu yake ya kufunguliwa maji. Hakuna anayechezea zamu ya mwenzake. Mwenyeji wetu, Mama Kendi, ndiye anayesimamia zamu hizo upande wake. Ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuitia watu mtoni.

Alitupokea kwa ndizi za kuchemsha na maharagwe. Kisha akamgeukia Njeru. "Umelala lini?"

"Hajalala vizuri tangu wiki iliyopita," nikasema.

"Nimemuuliza yeye."

Akamuuliza tena, anataka nini. Nikafungua mdomo. "Wewe mama, huna ndizi kwenye sahani?" Mama Kendi akanikatiza. Nikala ndizi yangu, nimenuna.

Njeru alizungusha sahani yake. Mwishowe akasema, "Nataka kutembea, lakini nisifuatwe na watu wengi."

"Basi utatembea na mtu mmoja."

Hapo ndipo nilipoelewa mpango wao. Walikuwa wamechoka kufunga vijana wao na kukodi magari. Wakaona kwamba kama wanaweza kupeana maji kwa zamu bila kupigana, wanaweza pia kukaa na mgonjwa kwa zamu. Ugonjwa ukimpanda mtu, kila nyumba hupewa saa zake. Anakuja mmoja, anakaa, anakula naye, anatembea naye, halafu anampokeza mwingine. Muuguzi wa zahanati hupita jioni kuona kama dawa zimenywewa.

Nikamwambia Mama Kendi kwamba kwetu mtu akiugua, akina mama wa kanisa huja wote na unga, sukari na nyimbo.

"Hata sisi. Mwenye malaria aimbiwe, atafurahi. Huyu kichwa chake kina kelele tayari, na nyinyi mnamwongezea kwaya."

"Na akitaka kujiumiza, au kumuumiza mtu?"

"Tunampeleka hospitali siku hiyohiyo. Nani alikuambia tumegombana na hospitali? Sisi tunakataa tu iwe ndiyo mlango wa kwanza, na mtu aingizwe akiwa amefungwa."

Jumamosi haikuwa rahisi, nisiwadanganye. Njeru alilia, akavunja sahani, akasema nimemleta kumuuza. Aliyekuwa zamu ni Mutwiri, mkulima mwenye mikono mikubwa. Aliokota vipande akavitupa, akarudi kuketi palepale. Baadaye wakatoka wawili kufuata mabomba mpaka mwisho wa mashamba. Jioni muuguzi alikuja, akaongea na Njeru peke yake, akamkumbusha vidonge vyake vilevile vya siku zote. Njeru akavinywa. Usiku huo alilala. Mimi sikulala, nilikuwa nasikiliza pumzi zake.

Jumapili tulirudi tukiwa tumebanana na mikungu ya ndizi. Kufika nyumbani, baba mdogo alikuwa ameketi uani na majirani wachache. Nikawaeleza yote niliyoyaona.

"Wale ni watu wa maji," baba mdogo akasema. "Sisi ni watu wa kahawa na chai. Nani ana muda huo?"

"Muda wa kukimbizana naye mnaupata."

Hakupenda. Wawira akatangulia kusema yeye atachukua asubuhi za Jumanne. Mke wa katekista akachukua jioni. Nikakumbuka maneno ya Mama Kendi, nikamgeukia ndugu yangu, nikamuuliza kama anakubali.

"Nitakunywa dawa," Njeru akasema. "Lakini aje mtu mmoja. Na msinijadili nikiwa nimeketi hapahapa."

Watu waliangalia chini, hata mimi. Baba mdogo hakuchukua zamu yoyote. Alimpigia mwenye gari simu mbele yetu, akamwambia kesho asije, asubiri hadi Jumatano.

Mnaoniuliza nilijifunza nini huko nitawajibu hivi. Hawa watu hawana dawa tusiyoijua. Wana subira iliyogawanywa, kila mmoja anabeba kidogo, ndiyo maana haiwaishii. Ya kwangu nilikuwa naibeba peke yangu, na ilikuwa imebaki hasira tupu.

Jumatano asubuhi nilikwenda kwa Njeru mapema, kwa kuwa zamu ilikuwa yangu na nilijua gari lingekuja. Nilikuwa nimejiandaa kusimama mlangoni. Nikamkuta baba mdogo ameketi jikoni anamenya nduma. Njeru alikuwa ng'ambo ya moto, macho mekundu, anaongea juu ya mawe. Mzee alikuwa anaitikia.

"Gari linakuja saa ngapi?" nikauliza.

"Gari gani?" Hakuinua macho kwenye kisu. "Nenda nyumbani, Igoki. Leo niko mimi."

Nikaenda. Nikalala mchana kutwa, kama mtu asiye na mgonjwa.