Mstari Mweupe wa Baleniere

Sogea karibu, mwanangu, wewe uliyefungua biashara juzi, iwe mashine ya kusaga muhogo, tanuri la mikate au kibanda cha dawa. Najua umeshaletewa karatasi yenye muhuri, na najua umeikunja ukaitia chini ya godoro. Mimi pia niliwahi kukunja karatasi ya namna hiyo. Ngoja nikueleze ilinifikisha wapi.

Nakumbuka msimu mmoja kabla ya mvua, nilipokuwa sijafika miaka thelathini. Baba yangu, mtu wa Kasongo aliyehamia hapa Kisangani kutafuta maisha, alikuwa ameniachia baleniere, ile mashua kubwa ya mbao yenye injini inayoshusha watu na mizigo hadi Isangi. Alikuwa ameipigilia mbao za ziada pembeni ili kuta zake ziinuke. Nahodha wangu alikuwa Papa Lotika, mtu aliyezaliwa karibu na maji, aliyenijua tangu nikibebwa mgongoni.

Siku zile vyombo kadhaa vilikuwa vimezama kwa kujazwa kupita kiasi, na ofisi iliyosimamia mto ikaamua kuweka kanuni ya upakiaji. Kabla ya kuiandika, walibandika tangazo bandarini: wenye vyombo waje siku fulani watoe maoni. Nililiona tangazo. Hata nililisoma, huku nikila ndizi ya kuchoma. Nikajiambia hao wameshaamua, wanatuita kupamba kikao tu. Siku ya kikao nilikuwa sokoni nachagua kitenge.

Baada ya majuma machache mkaguzi akaja na kamba ya kupimia, mtu mpole mwenye miwani. Akapima baleniere yangu, akachora mstari mweupe ubavuni. Maji yakifika hapo, alisema, upakiaji umekwisha. Akaniachia kurasa tatu, ndiyo kanuni yenyewe. Sikuzisoma, nilitazama mstari tu. Ulikuwa chini mno. Magunia karibu ishirini yangebaki ufukoni kila safari. Alikuwa amepima kana kwamba zile mbao za baba hazipo. Hapo nilikuwa na haki ya kulalamika, mwanangu, na hilo ulishike, maana mtu anaweza kuwa na haki mkononi na bado akaitupa.

Sikulalamika. Nilinunua rangi.

Papa Lotika alikuwa amekwenda msibani kwao. Chombo kikiwa kimepandishwa mchangani, niliufuta mstari kwa rangi nyeusi, nikachora mwingine shibiri moja juu. Niliuchora vizuri, ukanyooka kuliko ule wa mkaguzi. Vijana wa bandari wakanisifu na kuniita madamu injinia. Nami nikacheka nao.

Shehena ya safari ile ilikuwa na magunia tisa ya mpunga wa mbegu, mali ya akina mama wa Isangi waliolima pamoja. Msimu wa kupanda ulikuwa umekaribia, na mbegu nyingine hawakuwa nayo. Tuliyaweka magunia yao juu ya mizigo yote ili yasilowe, kisha tukapakia abiria. Mkaguzi alisimama juu ya ngazi, akaona maji yamegusa mstari bila kuupita, akapunga mkono twende.

Ndipo Papa Lotika akafika kutoka msibani. Alikuwa ananawa miguu karibu na ubavu wa chombo, akatulia, mguu mmoja majini.

"Zaina, huu mustari ilitembea?"

Nikamwambia asinichoshe, mkaguzi mwenyewe ameruhusu. Kisha nikaongeza, kwa ulimi mbaya wa ujana, "Papa, sema tu uzee imekuingilia."

Hakukasirika. Alifuta mguu wake taratibu. "Mukaguzi iko mutu, rangi inaweza kumudanganya. Maji haijue kusoma. Utaidanganya na nini?"

Nilidhani atakataa kupanda. Akapanda. Baadaye aliniambia kwamba kama angebaki, ningeshika usukani mwenyewe, na abiria wale hawakuwa na kosa.

Tulipopita Yangambi, meli kubwa iliyokuwa ikisukuma mabaji, yaani matishari ya mizigo, ikatupita. Mawimbi yake yalikuwa ya kawaida, mwanangu, si dhoruba. Siku nyingine yangetutikisa tu. Siku ile yaliingia ndani. Papa Lotika aligeuza pua ya chombo kuyakabili, akasema neno moja, "Tupa." Mikono ilishika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa mzigo wa juu, yaani mbegu. Mama mmoja alimwinua mtoto wake juu ya kichwa, akabaki hivyo kama anayemtoa sadaka. Tulitupa mpaka maji yakaacha kuingia.

Tulifika Isangi watu wote wakiwa wazima. Magunia ya mbegu yalikuwa manne. Mama Furaha, mkubwa wa wale wakulima, aliyatazama bila kuyagusa.

"Yenye ilibakia mu maji haiko mupunga, Zaina," akasema. "Iko shamba yetu ya mwaka muzima."

Wahenga walisema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Mimi niliushika mwiba, ukawachoma wengine.

Njia nzima ya kurudi Papa Lotika hakunigombeza. Tulipofika Kisangani alichukua kopo langu la rangi, akanitangulia hadi ofisini, akaliweka mezani kwa mkaguzi, akaniambia niseme. Nikasema yote. Mkaguzi alivua miwani, akaandika maelezo ya kosa, akanisogezea. Nilitaka kutia sahihi haraka ili niondoke. Akanizuia. Karatasi ya serikali, alisema, inasomwa kwanza, na kama kuna usilokubali unaliandika hapohapo juu ya sahihi yako. Nikasoma. Faini nikapewa, na chombo kikasimamishwa.

Kisha akafungua nakala yake ya zile kurasa tatu ambazo sikuwahi kuzikunjua, akaniambia nisome kipengele cha mwisho kwa sauti. Kilisema kwamba mwenye chombo akiona alama haiendani na umbo la chombo chake, aandike barua kuomba kipimwe upya, na ofisi italazimika kumjibu.

"Barua moja tu, madamu," akasema. "Tena siku ya kikao tulikungojea. Habari ya mbao za pembeni hakuna mutu alituambia, na siye watu wa biro, wa kukaa ofisini, hatulalake mu baleniere."

Niliandika barua palepale. Wiki iliyofuata walipima upya, safari hii chombo kikiwa majini na mizigo ndani. Mstari mpya ulipanda vidole vinne juu ya ule wa kwanza, ukabaki chini sana ya ule wangu. Mkaguzi alikuwa amekosea vidole vinne. Sehemu iliyobaki ya ile shibiri ilikuwa kosa langu.

Mbegu nyingine niliitafuta hadi Bengamisa. Ilifika kwa kuchelewa, na mwaka ule sehemu kubwa ya shamba la akina Mama Furaha ilibaki majani. Kanuni ilipokuja kurekebishwa, nilikaa mbele kabisa kwenye kikao, nikaeleza habari ya mbao za pembeni. Leo imo ndani ya maandishi.

Sasa sikiliza, mwanangu. Kanuni haianguki kutoka mbinguni. Bunge linatunga sheria pana, kisha waziri au gavana anatia sahihi arete, yaani amri ya maandishi inayoeleza itafuatwaje, kisha ofisi inatuma wakaguzi. Katika kila hatua kuna mlango. Wakiita watu watoe maoni, nenda, kwa sababu wao wanajua sheria lakini wewe ndiye unayeijua kazi yako.

Sitakudanganya kwamba kila anayekuja na kofia ana haki. Wapo wanaokuja na mdomo mtupu, wakisema wana kiu. Mpe mgeni kiti, umuulize kwa heshima hati iliyomtuma, namba ya arete anayoitumia, na risiti ya kila unacholipa. Mkaguzi wa kweli atakuonyesha. Yule mwingine atakumbuka ghafla kwamba ana msiba Banalia.

Na kanuni ikiwa ya kweli lakini inakubana pasipo haki, ifuate huku ukiipinga kwa barua. Anza na ofisi ileile, kisha mkubwa wake, na ikibidi mahakama. Kila barua ibaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ni njia ndefu, nakubali, na inachosha. Lakini nyuma ya kanuni nyingi kuna mtu aliyewahi kuumia, na ukiivunja, wa kufuata anaweza kuwa mteja wako wa kesho.

Mungu aibariki mikono yako, riziki yako iwe nyingi na isimzamishe mtu. Sasa nenda nyumbani, itoe ile karatasi chini ya godoro, ikunjue, uisome mpaka kipengele cha mwisho. Pale usipoelewa piga alama, maana kuuliza si ujinga, na kesho asubuhi uipeleke kwenye ofisi iliyoitoa, ukaulize.