Mkono Nilioukata Kwenye Picha ya Betelihem

Mkono ule niliukata mimi mwenyewe. Kwa mkasi wa jikoni, saa nne asubuhi, huku naimba pambio.

Msishtuke. Ulikuwa mkono wa kwenye picha.

Lakini mwenzenu tangu siku ile sina amani, na leo nasimulia yote. Atakayetaka kunitukana kwenye maoni anitukane tu. Hatafikia nilivyojitukana mwenyewe.

Naitwa Janelle. Mimi na mume wangu Loren tunaishi mji mdogo Nebraska, mahindi mbele, mahindi nyuma. Loren anafanya kazi kwenye maghala ya nafaka. Tuna binti, Greta. Baada ya Greta mimba zikawa hazikai. Tatu zilitoka. Ya nne sikumwambia hata Loren.

Mwaka 2010 kanisani kwetu kulikuwa na moto wa kuasili yatima. Mchungaji Dwight alihubiri miezi miwili mfululizo, na familia moja baada ya nyingine ikaenda kuchukua mtoto ng'ambo. Huyu China, yule Haiti. Ukibaki umekaa tu, unaonekana imani yako imepoa.

Sisi tukaomba mtoto wa Ethiopia.

Si mchezo, jamani. Alama za vidole, vipimo vya daktari, barua za mchungaji. Afisa ustawi alikuja nyumbani mara tatu, akafungua mpaka kabati la dawa. Akaniuliza kwa nini nataka mtoto. Nikamjibu ni wito.

Mwezi Machi ikaja picha kwa barua pepe. Mtoto wa miaka mitano, gauni la njano, amenuna kwelikweli. Jina lake Betelihem.

"Loren! Anaitwa Bethlehemu!" Nilipiga kelele mpaka mbwa akatoka mbio.

Loren, mwanaume ambaye hakulia hata kwenye msiba wa baba yake, akakaa kwenye ngazi akalia.

Faili lilisema baba hajulikani, mama amefariki.

Kasoro ilikuwa moja tu. Pembeni ya picha kulikuwa na mkono wa mtu, mwembamba, wa kike. Ulikuwa umeng'ang'ania gauni la mtoto karibu na kiwiko cha kushoto, mpaka kitambaa kimekunjamana. Mwenye mkono hakuonekana.

Sasa, kwetu mtoto akishapatikana unachapisha kadi za maombi. Picha, jina, mstari wa Biblia, sumaku nyuma. Kila nyumba ya kanisa inabandika kwenye friji, ili mtu akienda kuchukua maziwa amwombee mtoto. Ule mkono ulikuwa unaniharibia kadi.

Nikaitoa picha kwenye printa, nikaukata mkono, nikautupa kwenye pipa la taka. Tukachapisha kadi mia mbili.

Wiki iliyofuata nikaandaa chumba chake. Nikapiga pasi magauni saba, nikayatundika kabatini. Mchana narudi kuweka soksi, naona gauni la kwanza limekunjamana. Karibu na kiwiko cha kushoto, kama lilifinywa kwenye ngumi.

"Greta! Umeshika nguo za mdogo wako?"

"Mama, ndiyo kwanza natoka shule. Hata viatu sijavua!"

Nikapiga pasi upya, nikafunga kabati. Kesho yake ni yaleyale, safari hii magauni mawili.

Hali ikaendelea hivyo wiki tatu. Loren akasema ni vitambaa hafifu. "Umenunua nguo za kupunguziwa bei, unategemea nini?" Nikamwonyesha moja la pamba nzito. Akaligeuzageuza, akashuka zake gereji.

Nikampigia Verna. Verna ndiye mkuu wa mnyororo wa maombi wa kanisa. Ukimwambia jambo saa tatu, ikifika saa nne mji mzima unaliombea, na mji mzima unalijua.

"Dada, huyo ni adui," akasema bila hata kufikiri. "Shetani hapendi yatima wapate nyumba. Kina Hofer pasipoti zao zilipotea. Kina Lindgren bomba lilipasuka, nyumba nzima maji. Kwako ameingilia kwenye magauni. Wewe kaza!"

Hapa ndipo nataka mnielewe. Kwetu, jambo likienda sawa ni Mungu amefungua mlango. Likienda kombo ni shetani anapigana. Basi hakukuwa na kitu chochote, mbinguni wala duniani, ambacho kingeweza kutuambia tusimame.

Verna akaja na kina mama watatu na chupa ya mafuta ya zeituni. Wakapaka mlango, kitanda, kabati. Wakakemea mpaka jasho likawatoka. Kisha tukala keki ya limau, tukacheka, wakaaga.

Nilipofungua kabati, yote saba yalikuwa yamekunjamana. Kushoto.

Nilifunga polepole. Sikumwambia mtu.

Mwezi Agosti, siku ya Jumanne, mama mmoja wa shirika la kuasili watoto lililokuwa likitushughulikia akapiga simu.

"Janelle, usiwe na wasiwasi. Mambo yamechelewa kidogo. Kuna mtu amejitokeza pale kwenye kituo cha yatima, anamdai mtoto."

"Mtu gani?"

"Ndugu. Mwanamke. Haya mambo hutokea sana."

"Ndugu gani? Shangazi?"

Akavuta pumzi. "Kwenye faili hakuna shangazi. Ungependa nifuatilie ni nani?"

Jamani, swali lenyewe dogo tu. Ndiyo au hapana. Nilikuwa nimesimama jikoni, Betelihem ananitazama kutoka kwenye friji. Nikaukumbuka ule mkono. Naapa niliukumbuka.

"Hapana," nikasema. "Nyie malizaneni naye."

Loren nilimwambia kuna kikwazo cha makaratasi. Mchungaji nilimwambia kuna kikwazo. Neno "mtu" nikalimeza.

Jumapili hiyo ndiyo ilikuwa ibada ya kutuombea safari. Tukapiga magoti mbele ya kanisa, mikono ya watu imejaa vichwani na mabegani mpaka shingo inauma. Greta alikuwa benchi la mbele anachukua video. Mchungaji Dwight ni mtu mpole, hata mbwa wake hamsikilizi. Siku ile akapaza sauti.

"Bwana, kila anayesimama kati ya mtoto huyu na nyumba yake, mwondoe! Mwondoe leo!"

Kanisa zima likaitikia, "Amina!"

Yangu ilizidi zote.

Jumatatu nikafungua kabati. Magauni yote yamenyooka kabisa, kama yametoka kwa dobi. Nikapiga magoti palepale kwenye zulia, nikamshukuru Mungu kwa ushindi.

Siku ya tisa tangu ile simu ya kwanza, ikaita tena. "Njia nyeupe! Kateni tiketi."

"Na yule ndugu?"

"Hilo limekwisha."

Sikuuliza limekwishaje.

Mimi na Loren tulifika kituoni, kule Ethiopia, mchana, mvua imetoka kukatika. Betelihem alikuwa amekaa barazani, kichwa kimenyolewa, kitambaa cheusi mabegani. Nilikuwa nimembebea mwanasesere. Hakumgusa.

"Ana chawa?" nikamuuliza Girum, dereva aliyekuwa akitutafsiria.

Girum akaongea na mlezi wa kituo, mama wa makamo. Wakaongea muda mrefu mno kwa habari ya chawa.

"Anasema nini?" Loren akauliza.

"Anasema mtoto yuko msibani. Mama yake amezikwa majuzi tu."

Loren akacheka kile kicheko cha kuchanganyikiwa. "Hapana, hapana. Mama yake alikufa zamani. Iko kwenye faili."

Girum akatafsiri. Yule mlezi hakumtazama Loren. Alinitazama mimi.

"Anasema labda karatasi ilitangulia."

Mlezi akatusimulia kupitia kwa Girum. Mama yake Betelihem aliitwa Zenebech. Alikuwa anaumwa kifua. Alimleta mtoto pale ili apate kula mpaka yeye apone. Kila Ijumaa alikuja na shayiri ya kukaanga mfukoni, na kwa kuwa Betelihem ni mtoto wa mbiombio, alikuwa akimshika nguo asimponyoke. Alibonyeza dole gumba kwenye karatasi, akiamini mtoto anaenda kusoma na atarudi likizo.

Alipoambiwa harudi tena, akaja kumchukua. Akaambiwa asubiri, suala lake linashughulikiwa. Akasubiri nje ya geti siku tano, kwenye mvua, na kifua kile.

Alikufa Jumapili. Au Jumatatu alfajiri. Hakuna aliyeandika.

Nilihesabu siku kwa vidole, mgongoni, ili Loren asione. Ilikuwa Jumapili ileile tuliyopiga magoti.

"Hana ndugu mwingine hata mmoja?" Loren alimbana Girum, akambana mlezi, akambana mkuu wa kituo. Hakuwepo. Siku nne tulibishana hotelini. Loren alikuwa analia anasema, "Wametudanganya, Janelle. Wametudanganya sote." Nikamkumbatia.

Tukamchukua. Mpaka leo sijui kama tulifanya sawa. Najua kwamba hakuwa na mtu mwingine, na najua mimi nilihusika hata akakosa mtu.

Nyumbani tulipokelewa na maputo. Jumapili Mchungaji akanipa kipaza sauti nitoe ushuhuda. Nikaeleza jinsi Mungu alivyoondoa kikwazo ndani ya siku tisa. Watu wakasimama wakapiga makofi. Ndiyo, nilisema hivyo, Loren ananitazama, amekunja uso.

Betelihem akakua. Akajifunza Kiingereza, akajifunza baiskeli, akaanza kugombana na Greta kuhusu bafu. Alianza kuniita Mama kabla sijamwomba. Kila aliponiita hivyo nilihisi nimevaa nguo ya mtu.

Kwetu siku uliyomleta mtoto nyumbani inasherehekewa kila mwaka, kama siku ya kuzaliwa. Mwaka wa tatu, Betelihem ana miaka minane, Greta akatangaza ana zawadi ya kushtukiza. "Mdogo wangu, njoo uone jinsi watu wazima walivyokulilia!"

Nilikuwa jikoni nakata keki. Nikasikia sauti ya Mchungaji Dwight kwenye televisheni.

Nilikimbia. Nilipofika mlangoni nikakutana na sauti yangu mwenyewe. "Amina!"

Betelihem akanigeukia, sahani mapajani.

"Nani alikuwa amesimama katikati?"

"Ni namna ya kusema tu, kipenzi," Loren akadakia. "Ni makaratasi."

Ningeweza kuliacha lipite. Loren alikuwa ameshanifungulia mlango wa kutokea, na nilikuwa mzoefu wa kupita milango ya namna hiyo. Lakini nikachoka. Nikakaa chini sakafuni, mbele yake.

"Mama yako," nikasema. "Alikuja kukuchukua. Mimi nilipigiwa simu nikaambiwa kuna mtu. Wakaniuliza kama nataka kujua ni nani. Nikasema hapana."

Greta akazima televisheni. Loren akanitazama kama anayejaribu kukumbuka aliniona wapi.

Betelihem hakulia. Akafikiri kwanza, kama anavyofanya akipewa hesabu ngumu.

"Nilimwona," akasema. "Pale getini. Alikuwa analowa. Na mimi nilipiga magoti kama mlivyopiga nyie, nikaomba wamfungulie."

Akaweka sahani chini taratibu.

"Kwa nini Mungu alikusikia wewe?"

Miaka imepita. Kadi mia mbili nilizifuata friji moja baada ya nyingine, na kila nyumba nikaeleza kwa nini nazichukua. Verna hanisalimii tena. Loren alihama chumba mwaka mzima, kisha akarudi. Habari ya yale magauni sina maelezo, msiniulize. Bado naamini, bado naenda kanisani, na lile swali bado sina jibu lake. Betelihem ameacha kuniuliza, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Ninachowaachia ni hiki. Siku utakapotaka kumwomba Mungu akuondolee mtu njiani, uliza kwanza huyo mtu ni nani na amekuja kufuata nini. Ukiona unaogopa kuuliza, ujue moyoni umeshamjua.