Bafta Iliyofumuliwa

Mimi ni fundi cherehani. Shule niliishia darasa la pili, huko kwetu Ngazija, lakini nyumba ya Chuno, hapa Mtwara, nimeijenga kwa miguu yangu hii, kwa kukanyaga cherehani, na hakuna aliyenishika mkono. Nilijivuna nayo. Ndiyo maana haya yakanipata.

Mimi na mke wangu tulifika Mtwara na bafta nyeupe sandukuni. Mama yangu ndiye aliyetufungia. Ilikuwa sanda zetu, ili tukifa ugenini tusimsumbue mtu.

Miaka ile ya ujamaa kitambaa kilikuwa adimu. Ulikipata duka la ushirika kwa kibali, na kibali ni kwa kaya iliyoandikwa kwenye daftari la balozi wa nyumba kumi. Balozi alinijia mara tatu.

"Fundi, nikuandike."

"Mimi mpita njia."

"Mpita njia gani, mikorosho yake inazaa?"

Alicheka, akaenda zake. Sikuandikwa.

Idd ikakaribia. Wanangu wawili nguo zimewapauka, na baba yao ndiye fundi! Nikaitoa ile bafta, nikashona kanzu tatu, zao na yangu. Mke wangu alinitazama nikikata.

"Na tukifa?"

"Hatufi mwezi huu."

Msikitini watu waligeuka kututazama. Nilivimba, sitaki kudanganya.

Mwezi haukuisha. Homa ilimshika mke wangu siku nne, akafa asubuhi.

Nikaenda kwa balozi. Akafunua daftari, akalifunga. "Fundi, wewe humo. Nikikuandika leo, karani wa ushirika atapitisha kibali kesho kutwa." Kwa joto lile, maiti hangoji kesho kutwa.

Jirani yetu, bibi wa Kimakonde aliyekuwa mwosha maiti wa mtaa, alikuwa ameshafika kwangu. Akasema, "Sanda yangu ninayo. Ichukue."

"Sichukui. Mke wangu hazikwi kwa nguo ya kuomba."

"Ee, baba! Basi mvike hicho kiburi chako. Kirefu, kitamtosha."

Nikachukua wembe, nikafumua kanzu zote tatu. Wanangu wamesimama na kaptula, wananitazama. Mishono yangu niliyokuwa nikiisifia ilikataa kuachia. Nikavifua vile vipande, nikavianika, nikampa bibi. Akavipokea, akaingia ndani na wanawake wenzake.

Alasiri nikashuka kaburini kumpokea. Nilipofungua kifundo cha kichwani, mkono wangu ukapita juu ya sanda. Bafta iliyofumuliwa ina matundu ya sindano, hata uifue vipi hayazibi. Ile ya juu haikuwa na tundu hata moja. Nikapapasa hadi miguuni. Nguo nzima.

"Vipi, fundi?" akauliza mtu wa juu.

"Leteni mbao," nikasema.

Kesho yake nilikwenda kwa balozi, nikaandikwa. Ilipita miezi mingi ndipo nikapata bafta. Nikampelekea bibi. Hakuniruhusu hata kukaa.

"Ya nini?"

"Ya kwako."

"Mimi mtu wa hapa, fundi. Nikifa nitasitiriwa tu. Kaa nayo, usije ukawavua watoto tena."

Nikasimama pale mlangoni nimeikumbatia, ahsante imenikwama. Bibi alikufa sijaisema.

Kwetu sijarudi. Bafta ile imo sandukuni, ni sanda yangu. Nimewaambia wanangu isiguswe na mkasi.