Mlango wa Bibi Kwenye Katuni

Wiki iliyopita nilikuwa Kasulu kwa dada yangu, nikakuta meza ya chakula imetekwa. Binti yake anatengeneza katuni ya Krismasi kwa simu: anafinyanga watu wa udongo, anapiga picha, anawasogeza kidogo, anapiga tena, mpaka picha zikiunganishwa wale watu wanatembea. Nikapewa kazi ya kushika tochi. Harufu ya udongo mbichi iliponifikia, rafiki yangu, sikuwa Kasulu tena. Nilikuwa Kibondo kwa bibi, mvua za Desemba zimepamba moto na miguu yetu yote myekundu.

Enzi zile katuni tuliiona Krismasi tu. Parokia iliazima jenereta, likanguruma nje ya ukumbi, nasi tukabanana kwenye mabenchi, matumbo yamejaa ugali wa muhogo na maharage ya mawese. Katuni ilikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo mwalimu wetu, mtu wa Tanga aliyelalamikia baridi yetu mwaka mzima, alisimama kando ya televisheni akitafsiri. Alitoa sauti zote, hata ya punda. Kwa ajili ya huyo punda tulimsamehe viboko vyote.

Mwaka ninaousema, bibi alikuwa na mgeni, mwanamke mjamzito aliyekimbia vita Burundi. Alikula kidogo na kuomba radhi kwa kila kitu, hata kwa maji ya kunywa. Bibi alikaa naye benchi moja, akimgeuzia maneno ya mwalimu kwa Kiha, lugha yetu inayokaribiana na Kirundi chake. Ikafika pale Yusufu na Mariamu wanapobisha hodi. Mwenye nyumba akafoka, "Hakuna nafasi!" akaubamiza mlango. Mgeni wetu akainama, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nilimpenda yule mama, nikaogopa kwamba asubuhi tungekuta mkeka wake mtupu.

Bibi akasimama mbele ya ukumbi mzima.

"Mwalimu, mwambie huyo bwana afungue."

"Bibi, hii ni katuni. Ndivyo ilivyo."

"Si wewe unayemsemea? Basi msemee vizuri."

Watu wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. Akamshika mgeni mkono wakatoka, nami nikawafuata nimenuna, maana punda alikuwa bado hajamaliza kazi yake.

Nyumbani bibi akaisimulia upya hadithi ile. Kwake, mwenye nyumba alifungua, akawapa maji ya kunawa, akasonga ugali. Mimi mjuaji nikadakia, "Sasa mtoto alizaliwaje penye mifugo?"

Bibi akanionyesha kona ambako mbuzi wetu walikuwa wakicheua. Kwetu mbuzi walilala ndani, kwa hofu ya fisi. "Kwani hawa wako wapi?"

Mgeni akacheka, mara ya kwanza tangu afike. Asubuhi nilikimbilia mkeka wake, nikamkuta yuko uani anamenya muhogo na bibi. Mtoto wake wa kike alizaliwa mle mle ndani, mbuzi wakichungulia. Mgeni njoo, mwenyeji apone, alipenda kusema bibi, na siku ile kuku alichinjwa, tukapona sote.

Nyumba ile haipo tena. Bibi tulishamzika, mbuzi wa siku hizi wana banda lao, na punda wa mwalimu namsikia kichwani mwangu tu. Ninavikumbuka vyote na moyo unaniuma, sikufichi.

Nilipomsimulia haya, mpwa wangu alikuwa ameshafinyanga mlango, umefungwa, kama katuni zote alizowahi kuona. Akaugeuzageuza mkononi.

"Mama mdogo, mlango wa bibi ulifungukaje? Kwenda ndani au nje? Lazima nipige picha kidogo kidogo."

Nikafikiri. Ulikuwa mkeka wa matete tu, na bibi aliuegemeza ukutani tangu alfajiri mpaka tunapolala.

"Huna haja ya kuupiga picha ukifunguka," nikamwambia. "Wageni wakifika wanakuta uko wazi."

Akaufinyanga ule mlango ukawa donge, kisha akaanza kutengeneza mbuzi.