Nikeli ya Bwana Miwani ilitoka mu shimo ya choo

Wakuu, muko bazima? Hii akaunti ni ya mujukuu wangu, lakini maneno ni yangu, na sitatia chumvi.

Ilikuwa miaka ya mwisho ya Wabelgiji. Mimi kijana wa Kadutu, mutaa wa Bukavu, kazi yangu kuchimba vyoo. Nilikuwa na muchumba, lakini baba yake alikatala: binti yake haendi kwa mutu wa vyoo.

Basi geologue mumoja, muzungu wa kupima mawe, tulimuita Bwana Miwani, akanitoa Bukavu mpaka kilima kimoja upande wa Mwenga, kutafuta nikeli. Akaahidi mbele ya wote: mwenye kuleta jiwe ya kijani, ile yenye nikeli, atakuwa kapita, musimamizi wa wachimbaji wote.

Kapita! Nikajiona niko mu harusi tayari.

Lakini mashimo yake yote ilikuwa metre mbili tu. Udongo nyekundu, nyekundu tu. Nikamuambia, "Bwana, tushuke zaidi."

"Weye unajua nini? Enda chimba choo yangu."

Sawa. Choo, aliogopa harufu, alitaka metre kumi! Kwa metre ya nane, kijani ikatoka.

Kumbe mvua inafua ile jiwe miaka na miaka. Chuma inabaki juu, nyekundu. Nikeli inashuka na maji, inatulia chini, kama sukari mu chai haujakoroga. Na diplôme yake yote, Bwana alikuwa analamba juu ya kikombe.

Nikamupelekea mawe. Akaandika "Shimo 14" mu raporo, ile karatasi ya kupeleka kwa wakubwa, akatia jina yake. Kazi ya kapita akapatia mupishi wake. Wakuu, nililia. Choo ikajengewa nyumba ya nyasi, akaitumia miezi mingi.

Siku moja mukubwa wake akafika toka Bukavu, viatu inang'aa. "Shimo 14 iko wapi?"

Tukamuonyesha. Akafungua mulango. Akafunga haraka.

Akasema anataka mawe ingine, toka chini kabisa. Bwana Miwani akanigeukia: "Shuka!"

Mukubwa akafungua raporo, akasoma kwa sauti: Shimo 14, Bwana alichimba kwa mikono yake mwenyewe.

Nikavua kofia. "Pardon, Bwana. Mimi njia ya kule siijui."

Mukubwa akamuangalia. "Alors, weye?"

Alishuka, wakuu. Kamba tulishika sisi, na hatukuharakisha.

Kesho yake nikafukuzwa. Habari ikafika Kadutu mbele yangu. Baba mukwe alicheka mpaka akakaa chini, akasema, "Huyu mutu wa vyoo, mupatieni binti."

Nilichojifunza: ukiiba kazi ya mutu, uliza kwanza aliifanyia wapi.

Weye boss wako alikuibia nini? Andika hapa chini. Maman, ule binti mwenyewe, iko pembeni yangu, bado anacheka.