Zenon na kasoro ya ngome tupu

Saa tatu asubuhi ya Jumapili, majirani zake wa mtaa wa Bałuty mjini Łódź, Poland, wanarudi nyumbani na mikate, lakini Zenon Pakuła amekaa mbele ya kompyuta kuukuu, kakunja uso. Anatafuta kosa la rafiki yake.

"Lipo," anasema bila kugeuka. "Radek hajawahi kufanya kitu kikanyooka. Namjua tangu darasa la kwanza."

Zenon, mwenye miaka 47, ni fundi wa mashine za kufulia. Siku za kazi hupanda maghorofa yasiyo na lifti akiwa na sanduku la spana, na magoti yameanza kumsumbua. Siku za mapumziko hutengeneza Taji la Kaskazini, mchezo wa vita wa kompyuta ambao wachezaji hupeana zamu. Ulitoka alipokuwa kijana. Kampuni iliyouunda ilishafungwa, ikaacha kasoro tele.

Kulikuwa na farasi waliotembea juu ya maji. Kulikuwa na mchawi aliyekufa akaendelea kudai mshahara. Zenon ameondoa kasoro 312, bila kulipwa hata zloti moja, na watu wanaendelea kucheza.

Moja ilimshinda. Wachezaji huiita "ngome tupu": wawili wanacheza kwenye kompyuta moja, unakabidhi zamu, na ikirudi kwako unakuta walinzi wa ngome wametoweka. Watu wamenuniana miaka kwa sababu hiyo, kila mmoja akidhani mwenzake kamfanyia hila. Zenon aliisaka kwa miaka kumi na moja. Katika mwaka wa nne mkewe alichoka, akahama.

Machi mwaka huu Radek Kubiś, dereva wa tramu, aliimaliza kwa siku tatu, akatoa kiraka, yaani kipande cha msimbo wa programu kinachoziba kasoro.

"Siku tatu!" Zenon anapiga meza, chai inamwagika. "Mtu niliyemfundisha mimi kusoma msimbo! Sasa ni Radek hivi, Radek vile. Wachezaji wamempikia keki yenye umbo la ngome. Mimi, kwa kasoro 312, sijaona hata andazi."

Chanzo chenyewe kilikuwa kwenye adabu ya wachezaji. Huku Poland, anayesubiri zamu hugeukia ukuta asichungulie. Anayemaliza naye husukuma kishale cha kipanya hadi kwenye pembe ya skrini, ili mwenzake asijue alikuwa akitazama wapi. Kishale kikiwa pembeni ramani huteleza, na zamu ikikabidhiwa inapoteleza, mchezo hupoteza hesabu ya walinzi.

Zenon alikuwa akijaribu peke yake, akicheza pande zote mbili. Hakuwa na wa kumficha chochote, kwa hiyo hakukisukuma kishale hata mara moja.

Radek hucheza na mkewe, Iwona, kila Jumamosi. Nilipomtembelea alicheka hadi akashika mbavu. "Mimi nilikuwa namwita mwizi tu. Akaniambia, 'We mzee, kabla hujanitukana, hebu acha kusukuma hicho kishale.' Nikaacha. Walinzi wakabaki!"

Nilitarajia Zenon akane kwamba anaona wivu. Hakukana.

"Naona wivu, andika. Unaniuma hapa," anasema, akigusa kifua. "Kiraka chake ningekisamehe. Lakini mimi nilikuwa nahama kiti hadi kiti, najipa zamu mwenyewe. Yeye kakaa tu na mke wake, wanataniana, kasoro ikajileta."

Karibu saa tano anaruka kutoka kitini. Amelipata kosa. Kwa kiraka cha Radek walinzi hawapotei tena, ila wapiga mishale wanahesabiwa mara mbili. Sijamwona akitabasamu namna hiyo asubuhi yote.

Mwezi Juni wachezaji watakutana Łódź, zaidi ya mia mbili. Mpango wa Zenon ulikuwa asimame hapo amuumbue Radek mbele ya wote. Namuuliza kama bado atafanya hivyo. Anafuta chai mezani kwa kiganja, kisha anachukua simu na kuiweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Radek, kiraka chako kibovu."

"Kweli? Kina nini?"

Anamweleza, taratibu, akionja kila neno.

"Aisee, jicho unalo," Radek anajibu. "Njoo Jumamosi basi tukirekebishe. Iwona anapika bigos ya kabichi na nyama."

"Na kwenye kiraka jina la nani litatangulia?"

"Lako, ndugu yangu! Weka lako peke yake ukitaka. Mimi na majina wapi na wapi?"

Zenon anakata simu. Jumamosi ataenda, ananiambia, na anatumaini kazi itakamilika kabla ya Juni. Lakini tabasamu limeshaondoka.

"Umemsikia?" anauliza. "Miaka kumi na moja nalitaka jina hilo, na yeye analigawa tu, kama mtu aliyekwisha kushiba."